Hela Inayorudi na Hela Isiyotoka

Kila anayeuza kadi ya benki, laini ya simu au akaunti huanza kwa kutaja kitakachokurudia: asilimia fulani ya manunuzi, gawio, pointi, au bahati nasibu ya pikipiki. Miaka niliyoishi na kufanya kazi kisiwani Mafia imenifundisha kuanzia upande wa pili. Kabla ya kuuliza kitarudi nini, jua hela yako hutoka vipi, hutoka lini, na huishia mkononi mwa nani. Ukishayajua hayo, huduma inayokufaa haikupi tabu kuichagua. Usipoyajua, hata ofa nzuri kuliko zote itamfaidi mtu mwingine.

Kazi iliyonifungua macho ilikuwa ya ukeshia katika hoteli moja Utende, kwenye Ghuba ya Chole. Wageni wetu walikuwa wazamiaji waliofuata matumbawe ya Hifadhi ya Bahari ya Mafia, iliyoanzishwa mwaka 1995, na wale waliokuja kati ya Oktoba na Machi kuogelea na papa potwe upande wa Kilindoni. Wengi walilipa kwa kadi, mtandao ukiruhusu. Namkumbuka mama mmoja mtu mzima kutoka Marekani aliyefungua pochi akazitandaza kadi zake mezani. Nyuma ya kila kadi alikuwa amebandika kipande cha plasta na kuandika kwa kalamu: hii ya sokoni, hii ya petroli, hii ya safari, hii ya mengineyo yote. Nilimuuliza amejuaje ipi ni ya wapi. Akanieleza kwamba alianza kwa kukusanya risiti za nyumbani kwake, akazipanga mafungu, ndipo akaenda kutafuta kadi ya kila fungu.

Jioni, nikifunga hesabu, niliuona upande wa pili wa kadi zile. Mgeni amelipa laki tano, lakini kilichoingia kwenye akaunti ya hoteli ni pungufu. Benki iliyotupatia mashine imekata chake, kampuni ya kadi imekata chake, na sehemu kubwa ya makato huenda kwa benki iliyompa mgeni kadi. Humo ndimo benki hiyo inamopata ile asilimia ya kumrudishia mteja wake. Mtindo huu ulienea Marekani baada ya mwaka 1986, kadi ya Discover ilipoanzishwa na kampuni ya maduka ya Sears. Meneja wetu naye alikuwa ameshayaingiza makato kwenye bei ya chumba. Kwa hiyo mtumishi wa serikali aliyetoka Kibaha kikazi akalipa taslimu alikuwa anachangia marejesho ya yule mama bila kujua.

Nikaielewa kwa mfano wa nyongeza ya sokoni Kilindoni. Muuza nyanya anakuongezea moja juu ya fungu, nawe unaondoka umefurahi, lakini alipopanga bei ya fungu alishaihesabu nyanya hiyo. Hapo hakuna hila, ni biashara. Ila nyongeza humfaa yule aliyekuja kununua nyanya tangu alipotoka kwake. Aliyekuja kununua muhogo, akanunua nyanya kwa sababu ya nyongeza, amerudi nyumbani na matumizi mapya.

Wazee wetu walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Nilinunua kaunta buku nikaanza kuandika kila shilingi iliyotoka nyumbani kwangu, na mbele yake nikaandika imetokaje: taslimu, kwa simu, au kwa kukopa dukani. Fungu kubwa kuliko yote lilikuwa chakula: mchele, unga, sukari na mafuta ya kupima kutoka dukani, samaki kutoka pwani, nazi na muhogo kutoka kwa majirani. Chakula chote kililipiwa taslimu, au kiliandikwa kwenye daftari la mwenye duka mpaka hela ipatikane. Fungu la pili lilikuwa watoto wanaosoma Dar es Salaam: ada, chumba, nauli. La tatu lilikuwa mambo ya simu: umeme wa LUKU na vifurushi. Na katikati ya mafungu hayo, mstari baada ya mstari, yalikuwepo makato.

Kijana wangu wa chuo hakuwahi kuniambia, "Mama, nitumie elfu ishirini." Alisema, kama nchi nzima inavyosema, "Nitumie elfu ishirini na ya kutolea." Hiyo ya kutolea tunaitaja kwa wepesi, kama chumvi kwenye mchuzi. Lakini makato ya kutoa hela kwa wakala yamepangwa kwa ngazi, na kiasi kinavyokuwa kidogo ndivyo makato yanavyokuwa makubwa yakilinganishwa nacho. Anayetoa elfu tano mara nne hulipa zaidi ya anayetoa elfu ishirini mara moja. Ukiongeza na makato ya kutuma, hela ya familia inayovuka bahari kwa vipande vidogo humegwa pande zote mbili, ikiondoka na ikifika.

Daftari likanionyesha pia ni ofa zipi zisizonihusu. Benki zetu zina kampeni nzuri. NMB, kwa mfano, imekuwa na MastaBata, inayowazawadia wateja wanaolipa kwa kadi. Mtu wa Mikocheni anayenunua supamaketi, anayejaza mafuta kituoni na kula mgahawani, kadi yake inafanya kazi tangu asubuhi. Mimi mwenye duka wangu ana mzani na daftari, na muuza samaki ana beseni. Ningetaka zawadi ya kadi, ningelazimika kuacha kununua ninaponunua. Bei ningeikuta juu zaidi, na uhusiano na mwenye duka anayenikopesha siku za dhiki ungevunjika.

Jambo hilohilo nililiona kwenye gawio la simu. Hela zote tunazoweka kwenye simu hulazwa benki katika akaunti ya amana, nazo huzaa faida. Mwaka 2014 Tigo Pesa, ambayo tangu Novemba 2024 inaitwa Mixx by Yas, ilikuwa huduma ya kwanza duniani ya pesa kwa simu kuwagawia wateja faida hiyo. Mgao wa kwanza ulikuwa dola za Marekani milioni 8.7. Ujumbe wa gawio ulipoingia, mtaa mzima ulishangilia, na haki yao. Hela ilikuwa ya wateja, na faida yake ilistahili kuwarudia. Lakini gawio lilifuata salio. Wakala, ambaye floti yake hulala kwenye simu usiku na mchana, alipata kilichoonekana. Kwenye simu ya mama anayepokea asubuhi na kutoa mchana, gawio lilikuwa dogo sana. Hakuonewa. Mpango ule ulimlipa mwenye kuweka, naye maisha yake yalikuwa ya kupokea na kutoa.

Kisha Julai 2021 serikali ilianza kutoza tozo kwenye miamala ya simu, kuanzia shilingi 10 hadi 10,000 kwa muamala kulingana na kiasi. Watu wengi walirudi kwenye taslimu. Kwetu bahasha zilianza tena kupita mikononi mwa abiria wa boti za kuvuka kwenda Nyamisati, bara, zikiwa zimeandikwa jina la mpokeaji na kufungwa kwa uzi. Tozo ilipunguzwa Septemba mwaka huohuo, ikapunguzwa tena mwaka 2022, na bajeti ya mwaka 2023 ikaiondoa kwenye kutuma hela. Kipindi hicho kilinijengea desturi ambayo sijaiacha: kila makato yanapobadilika, naliomba jedwali jipya kwa wakala au nalisoma kwenye simu, na nalilinganisha na daftari langu. Huduma niliyoichagua mwaka jana inaweza isiwe yangu mwaka huu.

Nilianza na makato kabla ya kutafuta zawadi yoyote. Nilimweleza kijana kwamba hela ya chakula nitaituma mara moja kwa wiki badala ya kila anapopiga simu, na ada nitaipeleka moja kwa moja chuoni kwa namba ya malipo, bila kupitia mkononi mwake wala kwa wakala. Tukakubaliana tutumie mtandao mmoja, baada ya kulinganisha makato ya kutuma ndani ya mtandao na ya kwenda mtandao mwingine. Mitandao yetu imeunganishwa tangu mwaka 2014, na Vodacom ilijiunga mwaka 2016, kwa hiyo hela hufika popote, lakini gharama si lazima ifanane. Mwenye duka wa karibu alipopata Lipa Namba, nilianza kumlipa kwa simu siku za manunuzi makubwa, ili hela isipite kwa wakala ndipo ifike kwake. Daftari likaonyesha mistari ya makato ikipungua. Hiyo isiyotoka ndiyo niliyoihesabu kuwa marejesho yangu, na hakuna aliyeniwekea masharti juu yake.

Lipo jambo moja ambalo vipeperushi vya kadi havitalitaja kamwe, nalo kisiwani kwetu ndilo kubwa: hela yetu huja kwa mwezi wa mbinguni. Dagaa huvuliwa kwa taa wakati wa giza. Mbalamwezi ikiwaka, taa haina kazi na vyombo hupumzika. Pweza huchokolewa wakati wa bamvua, maji yanapokauka mbali na mwamba kubaki wazi. Maji mafu yakiingia, wanawake wanaomchokoa hukaa nyumbani. Kusi ikichafuka, hata giza zuri linaweza kupita bila mtu kuingia baharini. Nyumba ya mvuvi ina hela nyingi siku chache, kisha ina subira.

Sasa chukua mkopo wa kadi, au mkopo wowote wenye tarehe moja ya kulipa kila mwezi. Mwezi wa benki, ukiacha Februari, una siku 30 au 31, mwezi mwandamo una siku 29 au 30. Tarehe ya deni husogea karibu siku moja kila mwezi kuikimbia bamvua. Ukianza mkopo tarehe ikiangukia siku za pweza, baada ya miezi saba au minane tarehe ileile itakukuta kwenye maji mafu, mfukoni huna kitu. Mvuvi huyo huitwa mlipaji mbaya, na kumbe kosa lake ni kuchukua deni lililopimwa kwa mshahara wa ofisini.

Hapo ndipo mikopo ya haraka inapoingia. Ipo inayokumalizia muamala pale salio linapopungua, na inamfaa mtu anayejua kwa hakika hela inaingia kesho. Ipo ya watu wanaozunguka na makaratasi, ile tunayoiita kausha damu. Na ipo ya programu za simu, ambayo imewaaibisha watu mbele ya ndugu zao kwa ujumbe wa kudai deni. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza orodha ya programu 69 zilizokuwa zikikopesha bila leseni. Nimewaona majirani wakichukua mkopo ili wasipitwe na ofa, na ofa yenyewe ni ndogo kuliko riba. Nawaombea, na ninapoulizwa huwa nasema bila kuzunguka: zawadi ya kutumia ni nadra kuwa kubwa kuliko gharama ya kukopa ili utumie.

Chombo kilichotufaa sisi kilikuwa kikoba. Tulipanga marejesho ya mikopo yafuate bamvua, kwa hiyo siku ya kukutana husogea pamoja na maji. Mwanachama akivuna, ananunua hisa. Akikwama, anazungumza mbele ya wenzake, nao wanamjua. Mwisho wa mwaka sanduku linafunguliwa na kila mtu anapata chake kwa kadiri ya hisa zake. Kwa kuwa wengi wetu ni Waislamu na riba ni jambo zito, tulikaa tukakubaliana mkopo urejeshwe kwa kiasi kilekile, na ziada itokane na biashara ya pamoja ya mbata na nazi. Kwa wanaotaka benki yenye misingi hiyo, nchi yetu ina Amana Bank tangu mwaka 2011, na CRDB ina huduma ya Al Barakah tangu mwaka 2021. Kuna mahali pa kuanzia.

Yote haya nilidhani ni elimu ya Mafia tu, mpaka mtoto wa kaka yangu alipopiga simu kutoka Columbus, Ohio.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba mwanangu. Mnaendeleaje na baridi?"

Alikuwa anataka kadi ya mkopo inayorudisha hela, na rafiki yake kazini alikuwa amemshawishi achukue Blue Cash Preferred ya American Express: asilimia 6 ya manunuzi ya supamaketi, hadi dola 6,000 kwa mwaka, ambapo baada ya mwaka wa kwanza kadi hutozwa dola 95 kila mwaka. Asilimia 6 ilimtoa udenda. Nikamuuliza nilichojifunza kwa yule mama wa Utende: "Nyama unanunua wapi?"

Nyama alikuwa ananunua bucha la Wasomali, kwa sababu ya halali. Mchele na mafuta alinunua Walmart. Maziwa na mikate, duka la pembeni. Nikamwambia asome masharti mstari kwa mstari, naye akakuta kwamba maduka makubwa ya kila kitu kama Walmart hayahesabiwi kuwa supamaketi, na bucha pia halimo. Ile asilimia 6 isingegusa karibu chochote alichokula.

Tukafanya hesabu nyingine, kwa ajili ya mkewe aliyekuwa akipenda kununua supamaketi. Kampuni hiyohiyo ina kadi isiyo na ada ya mwaka, inayorudisha asilimia 3 kwenye supamaketi. Tofauti ni asilimia 3. Ili asilimia 3 ilipe dola 95, lazima mtu anunue vitu vya karibu dola 3,170 kwa mwaka, yaani kama dola 264 kila mwezi, na vyote viwe vya supamaketi. Chini ya hapo, kadi ya bure inashinda kadi yenye jina. Wao hawakuwa wanafika huko.

Mwishowe alichagua kadi ya kawaida inayorudisha asilimia 2 ya kila kitu, ambayo huitoa nusu unaponunua na nusu unapolipa deni. Bucha, Walmart, petroli, vyote sawa. Nilimsisitizia mambo mawili. La kwanza, alipe bili yote kabla ya tarehe. Sheria ya Marekani ya mwaka 2009 inataka bili itumwe angalau siku 21 kabla ya siku ya kulipa, na anayelipa yote kila mwezi halipi riba juu ya manunuzi. Riba ya kadi huko imekuwa zaidi ya asilimia 20 kwa mwaka. Anayebaki na deni la dola 1,000 mwaka mzima hulipa zaidi ya dola 200, kwa ajili ya dola 20 alizorudishiwa. Na kwetu riba ina uzito wa dini pia, kwa hiyo nilimwambia amuulize sheikh wake kabla ya kutia sahihi, naye alifanya hivyo. La pili, asitume hela nyumbani kwa kadi hiyo. Mara nyingi benki huhesabu kutuma hela kuwa ni kuchukua fedha taslimu kwa mkopo, ikatoza ada na kuanza riba siku ileile. Ya kututumia sisi aitoe kwenye akaunti ya mshahara.

Tulipomaliza nikaona hesabu ya Columbus na ya Kilindoni ni moja. Benki na makampuni ya simu hubuni zawadi kwa ajili ya mteja wanayemtaka: anayenunua supamaketi, anayeacha salio, anayelipa kwa kadi, anayekopa bila kulipa yote. Kama maisha yako yanafanana na ya mteja huyo, chukua zawadi kwa mikono miwili, ni haki yako. Kama hayafanani, usiyabadilishe maisha ili uipate.

Kwa anayesoma haya akiwa na fomu ya kadi mezani, nashauri aende kwa utaratibu. Andika matumizi ya kweli kwa muda wa kutosha kuona siku za hela na siku za ukame. Jumlisha makato unayolipa sasa, maana hayo ndiyo unayoweza kuyapunguza kesho bila kuomba ruhusa. Tazama tarehe za kulipa zinakutana na kipato chako au zinakipita. Mwisho kabisa ndipo ulinganishe zawadi, na uilinganishe na ada ya mwaka, mipaka yake, na maduka unayoingia wewe.

Kwenye kikoba chetu, mwanachama mpya sasa huanza kwa kuleta daftari la bamvua mbili kabla ya kununua hisa. Tunalisoma naye, tunapiga mstari chini ya makato, tunamuuliza hela yake huja lini na huenda wapi. Wengi hugundua kwamba tayari wana laini na akaunti zinazowatosha, na kilichobaki ni kupanga siku ya kutoa na siku ya kutuma.